Kategoria isiyo na mwenyewe ifungwe: namna ya kupanga na kutunza tiketi za hitilafu

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Karibu kila timu ya programu niliyofanya nayo kazi ilikuwa na mfumo wa kufuatilia hitilafu, na karibu kila mfumo ulikuwa na kategoria inayoitwa "Mengineyo" iliyojaa kuliko zote. Tiketi, yaani ripoti ya tatizo moja, ikiingia humo haitoki. Mteja anapiga simu kwa mara ya tatu, dada wa huduma kwa wateja anaangalia, tiketi ipo, ina namba, ina tarehe, na hakuna aliyeigusa. Hili linaniuma, kwa sababu kuna mtu alitenga muda wake akaeleza tatizo vizuri, sisi tukampa namba ya tiketi, kisha tukalifukia.

Hoja yangu ni hii: kazi ya kategoria ni kujibu swali moja, nani ataifungua tiketi hii kwanza. Kama jina mliloweka halimpeleki mtu anayejulikana, kategoria hiyo haina kazi, hata iwe na jina zuri namna gani.

Chukueni mfano wa tiketi moja, ya mfumo wa kuuza tokeni za umeme:

"Mteja amenunua umeme kwa USSD saa 2 usiku. Pesa imekatwa, tokeni haijafika hadi asubuhi. Simu ni ya kitochi. Ni mteja wa pili leo."

Aliyeipokea alipewa orodha hii achague kitu kimoja: Malipo, USSD, Android, Haraka, Hitilafu, Ombi Jipya, Timu B, Mengineyo.

Sasa achague ipi? Ni malipo kweli. Ni USSD kweli. Ni ya haraka, na ni hitilafu. Majibu manne ni sahihi na mfumo unakubali moja. Kosa haliko kwa aliyechagua, liko kwenye orodha, kwa sababu imechanganya maswali yasiyohusiana: tatizo liko sehemu gani ya mfumo, ni la aina gani, lina uzito gani, na lipo mikononi mwa nani. Kila swali kati ya hayo linahitaji sehemu yake kwenye fomu. Mkiyabana yote kwenye orodha moja, watu wawili wataandika tatizo lile lile na kuliweka sehemu mbili tofauti, na hakuna atakayegundua kwamba ni tatizo moja.

Hata wakubwa walipitia haya. Bugzilla, mfumo wa tiketi ambao Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, waliutoa mwaka 1998, kwa miaka mingi ulikuwa na orodha ya uzito inayoanza na "blocker" (inayozuia kazi), inashuka hadi "trivial" (ndogo kabisa), halafu mwishoni kabisa kuna "enhancement" (uboreshaji). Yaani ombi la kuboresha kitu lilihesabiwa kama kiwango cha uzito, chini ya hitilafu ndogo kuliko zote. Mwaka 2019 Mozilla waliweka sehemu ya aina ya tiketi peke yake, yenye hitilafu, uboreshaji na kazi ya kawaida, na mwaka uliofuata wakabadilisha uzito ukawa ngazi nne tu, S1 hadi S4. Maswali mawili yaliyokuwa yamekaa kiti kimoja yakatenganishwa.

Lakini kuna jambo moja ambalo Bugzilla walilipata sawa mapema, na ndilo lililonifanya niandike uzi huu. Ukitaka kuunda komponenti mpya (ndilo jina lao la kategoria) ndani ya bidhaa, mfumo unakudai vitu viwili kabla haujakubali: maelezo ya komponenti hiyo, na mtu atakayekabidhiwa tiketi zake kwa chaguo-msingi. Ukiacha wazi kimojawapo, unarudishwa. Huwezi kuzaa kategoria yatima. Mozilla wakaongeza juu yake: kila komponenti ina mtu wa zamu ya kuzipitia tiketi mpya na kuamua zifanyweje, na jina lake linaonekana kwenye tiketi yenyewe.

Debian, mradi wa mfumo endeshi huria, nao wamefika hapo hapo kwa njia nyingine. Kwao kategoria ni kifurushi cha programu. Ukituma ripoti kwa barua pepe unataja jina la kifurushi, na barua inakwenda moja kwa moja kwa mtunzaji wake. Kifurushi kikikosa mtunzaji kinatangazwa kuwa yatima, hadharani, na kuna kikundi cha ubora kinachokishika kwa muda. Hakuna mahali ambapo ripoti inakaa bila jina la mpokeaji.

Karibuni tuchangie. Ningependa hasa kusikia wenye timu ndogo, na wale waliorithi mifumo ya zamani.

#2 Mjumbe, Mombasa

Ndugu mleta mada, shukrani kwa uzi. Mimi niko na timu ya watu wanne, tunatengeneza programu ya hesabu za maduka. Haya ya Mozilla na Debian naona ni ya watu wengi. Kwetu kila tiketi mwishowe inafika kwa mtu yuleyule. Tuna haja ya kategoria kweli? Na la pili, wateja wetu wakipewa orodha ya kuchagua wanabonyeza ya kwanza tu. Ukiweka "Stoo" juu, kila kitu ni Stoo. Hata aliyesahau nywila ni Stoo.

#3 Mleta uzi

Ndugu wa Mombasa, maswali yako yote mawili ni ya msingi.

Kwa watu wanne, weka kategoria chache sana. Kipimo changu ni hiki: gawanya kategoria pale tu ambapo tiketi zake zinaanza kwenda kwa watu wawili tofauti, na unganisha mbili pale zinapokwenda kwa mtu mmoja kila mara. Kama mmoja wenu anashika mauzo na stoo, na mwingine anashika ripoti na uchapaji wa risiti, mna kategoria mbili. Mkimwajiri mtu wa risiti peke yake, hapo ndipo "Risiti" inazaliwa. Msiunde leo kategoria za timu mtakayokuwa nayo baada ya miaka mitatu.

Hilo la mteja kubonyeza ya kwanza halitibiki kwa kupanga upya orodha. Mwondolee kabisa. Mteja anajua anachokiona, hajui kilichojengwa nyuma yake. Muulize alikuwa anafanya nini, ameona nini, alitarajia nini. Tiketi iingie ikiwa "Haijapangwa", na mmoja wenu wa zamu aipange.

Hapa nitofautishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. "Haijapangwa" ni mapokezi: tiketi inapita, na idadi ikipanda kila mtu anajua zamu imelala. "Mengineyo" ni makao ya kudumu, na idadi ikipanda hakuna anayeshtuka kwa sababu jina lenyewe linasema hapa ndipo panapostahili. Firefox wana komponenti ya mapokezi inayoitwa "Untriaged", na hakuna anayetarajia tiketi ikae humo. Ripoti zilipowazidi walitengeneza programu inayoitwa bugbug, inayojifunza kutoka kwenye tiketi za zamani na kukisia komponenti ya tiketi mpya. Ikiwa na uhakika wa kutosha inaihamisha yenyewe. Ikikosa uhakika inaiacha kwa binadamu. Angalia kwamba hata mashine wameizuia isirushe tiketi popote ili mradi tu iondoke mapokezini.

Tuseme ile tiketi ya tokeni nayo ilianzia mapokezi, kwenye orodha iliyopangwa hivi. Wa zamu aliiweka Malipo, mtu wa Malipo akaangalia akakuta muamala umekamilika na tokeni imetolewa, akaihamishia Ujumbe Mfupi, huko ikaonekana foleni ya ujumbe ilisimama usiku. Safari ya "Malipo, kisha Ujumbe Mfupi" ikabaki kwenye historia ya tiketi. Zikipatikana nyingi zenye safari hiyo hiyo, wa zamu anajifunza: tokeni isipofika, uliza kwanza kama muamala umekamilika. Kuhama kwa tiketi kusihesabiwe aibu. Aibu ni kuhama bila mtu kuandika kwa nini.

#4 Mjumbe

Mkuu, mimi napinga. Kategoria ni mambo ya kizamani. Sisi tunatumia lebo tu, kwenye GitHub, ule mtandao wa kuhifadhi msimbo wa programu. Tiketi moja inabeba lebo sita na hakuna ugomvi wa iende wapi. Malipo, USSD na haraka zote zinakaa pamoja. Mbona unawarudisha watu kwenye orodha ya kuchagua kimoja?

#5 Mleta uzi

Mkuu, nakubaliana nawe nusu, na nusu nyingine nitaitetea.

Lebo zinafaa sana kwa mambo yanayokatiza sehemu zote. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, wanalionyesha hili vizuri kwenye Trac, mfumo wao wa tiketi. Wana komponenti, na kando yake wana sehemu ya pili wanayoiita "Focuses", yenye mambo kama ufikivu kwa watu wenye ulemavu, kasi, na lugha zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Tatizo la kasi linaweza kutokea kwenye komponenti yoyote, kwa hiyo kasi haiwezi kuwa komponenti. Hapo lebo, au sehemu yenye tabia ya lebo, ndiyo jibu.

Shida inaanza lebo zinapoachwa bila mpangilio. GitHub wenyewe wanakupa lebo tisa ukifungua hazina mpya, yaani mahali pa kuweka msimbo wa mradi. Zitazame: "bug" na "enhancement" zinasema aina ya tiketi, "duplicate" na "wontfix" zinasema uamuzi uliofikiwa, "good first issue" na "help wanted" zinaita wachangiaji. Ni maswali matatu kwenye kapu moja, tena kabla hujaongeza yako hata moja. Mwenzako akija ataongeza "Malipo", mwingine "malipo", mwingine "payment". Lebo sita kwenye tiketi, na bado hakuna anayejua ni ya nani.

Kubernetes, mradi wa programu ya kuendesha mifumo kwenye seva nyingi, wako GitHub kama ninyi, na wana lebo nyingi kweli, lakini kila lebo muhimu ina kiambishi kinachotaja swali inalojibu: "kind/" kwa aina, "priority/" kwa kipaumbele, "area/" kwa sehemu, na "sig/" kwa kikundi kinachohusika, kama "sig/network" au "sig/storage". Tiketi ikiingia bila kikundi, roboti inaibandika "needs-sig" hadi mtu aseme ni ya kikundi gani. Ukiangalia vizuri, hiyo "sig/" ndiyo kategoria ninayoipigania mimi. Imevaa nguo ya lebo, ila inajibu lile lile: nani aifungue kwanza.

Kwa hiyo bakini GitHub, ila wekeni kiambishi, na mhakikishe kila tiketi ina walau lebo moja ya mwenye kazi. Kama mtu anataka lebo zake binafsi za kazi ya wiki hii, Debian wana utaratibu mzuri: kila lebo ya mtumiaji imefungwa kwenye anwani ya barua pepe ya aliyeiweka, kwa hiyo haichafui orodha ya watu wote.

#6 Mjumbe, huduma kwa wateja

Kaka, mimi nipo upande wa simu, hao madevelopa nawaona kwenye mkutano wa Ijumaa tu. Kilio changu ni majina. Kuna kategoria inaitwa jina la ndege, kuna nyingine jina la kaka mmoja aliyeshaacha kazi, nyingine "Awamu ya 2". Mimi nitajuaje mteja asiyepata risiti ni Awamu ya 2? Nikiuliza naambiwa weka popote tutaihamisha. Haihamishwi.

#7 Mleta uzi

Dada, pole sana, na asante kwa kulisema, maana upande wako ndio unaobeba lawama za wateja.

Kategoria isiitwe jina la mtu. Mtu anahama, jina linabaki, na tiketi zinaendelea kumwendea asiyekuwepo. Mwenye kategoria aandikwe kwenye sehemu ya mwenye kategoria, ambako jina linabadilishwa kwa dakika moja. Isiitwe jina la timu pia, maana timu zinavunjwa kila mwaka wa fedha ukianza. Isiitwe jina la siri la mradi wala awamu. Iitwe kitu ambacho mfumo unakifanya, kwa maneno ambayo wewe na mtu wa seva mnayaelewa sawasawa.

Na maelezo yake yaandikwe kikamilifu. Hapa ndipo timu nyingi hufanya mzaha: wanaandika "Ujumbe Mfupi: masuala ya ujumbe mfupi" na kuona wamemaliza. Mimi ningeandika hivi:

"Ujumbe Mfupi. Kila kinachotoka kwenye seva yetu kwenda kwenye simu ya mteja kwa SMS: namba ya kuthibitisha, risiti, tokeni. Weka hapa kama muamala umekamilika lakini ujumbe haujafika, umechelewa, au umefika mara mbili. Usiweke hapa kama muamala wenyewe umekwama. Hiyo ni Malipo. Taarifa zinazochomoza ndani ya programu ya simu ni Taarifa."

Sentensi yenye thamani kuliko zote hapo ni ile ya "usiweke hapa". Mipaka ndiyo inayowasumbua watu. Mnaotumia MantisBT, mfumo mwingine wa tiketi, mna kategoria inayokuja na mfumo, "General", na kila kategoria inaweza kupewa mtu wa kukabidhiwa moja kwa moja. Mpeni mtu huyo. Halafu ukurasa wa maelezo ya mipaka wekeni mahali ambapo mtu wa simu anaufungua bila kuomba ruhusa.

Dada, ombi moja kwako: mkutano wa Ijumaa nenda na tiketi tatu ulizoshindwa kuzipanga, uzisome kwa sauti, na uwaulize ziende wapi. Wakibishana wenyewe kwa wenyewe, watakuwa wamekiri kwamba tatizo si wewe.

#8 Mjumbe

Mkuu, sisi tumerithi Bugzilla ya mkandarasi aliyeondoka. Kategoria ni nyingi hadi ukurasa unashuka, nyingine zina tiketi moja ya miaka iliyopita. Bosi anasema tufute zote tuanze upya. Wengine wanasema tuhamie mfumo mwingine kabisa. Nisaidie, nianzie wapi?

#9 Mleta uzi

Mkuu, mzuie bosi leo hii hii. Kwenye Bugzilla, kama kufuta kumeruhusiwa kwenye mipangilio, ukifuta komponenti unafuta na tiketi zote zilizomo. Zinaondoka na maelezo, viambatisho na mjadala wote. Tiketi ya zamani iliyofungwa ndiyo inayokueleza kwa nini mstari fulani wa ajabu upo kwenye msimbo, na mkandarasi hayupo wa kuulizwa.

Dawa ni kuifunga kategoria isipokee tiketi mpya. Bugzilla ina alama ya kuizima komponenti: inatoweka kwenye fomu ya kuandikia, na tiketi za zamani zinabaki zikitafutika kwa namba zilezile. Mozilla wana hadi bidhaa nzima za kuhifadhia vilivyokufa, kama "Core Graveyard" na "Firefox Graveyard", zenye komponenti za vitu vilivyoshaondolewa kwenye kivinjari. Orodha ya kila siku inabaki safi na kumbukumbu haipotei.

Pa kuanzia: msianze na majina, anzeni na watu. Chukua orodha yote, andika mbele ya kila kategoria nani anaijibu sasa hivi. Utakuta nyingi hazina jina. Zile zisizo na jina na hazijapata tiketi mpya kwa mwaka mzima, zima. Zisizo na jina lakini bado zinapokea, hizo ndizo za kikao, kwa sababu wateja wanalia humo na hakuna anayesikia. Zinazojibiwa na mtu yule yule, unganisha. Mnapounganisha, hamisheni tiketi zilizo wazi tu na zilizofungwa ziacheni kwenye ile ya zamani. Mkihamisha zote, historia itaonyesha kana kwamba sehemu hiyo imeharibika ghafla mwezi huu, na bosi atauliza. Kabla hamjagusa kitu, zimeni barua pepe za mabadiliko au mtoe taarifa, maana kuhamisha rundo la tiketi kunamwagia kila mtu barua, na watu wakishazoea kufuta barua za mfumo bila kusoma ni vigumu kuwarudisha.

Kumbukeni pia utafutaji uliohifadhiwa. Kila mtu ana vichujio vyake vilivyofungwa kwenye jina la zamani, na ukibadilisha jina vinarudi vitupu bila kulalamika. Mtu anafungua asubuhi, anaona sifuri, anafurahi kwamba hana kazi. Tangazeni majina ya zamani na mapya kwenye jedwali moja wiki moja kabla.

Kuhusu kuhama mfumo, ipo miradi mikubwa ya programu iliyohama (Roundup na Phabricator ni mifumo mingine ya tiketi): LLVM walitoka Bugzilla kwenda GitHub mwishoni mwa 2021, Python wakatoka Roundup kwenda GitHub mwaka 2022, na Wikimedia walitoka Bugzilla kwenda Phabricator mwaka 2014. Inawezekana. Lakini wote walilazimika kuamua kila sehemu ya zamani inakuwa nini kwenye mfumo mpya. Ukihamisha uchafu, unaupata ulivyo kwenye mfumo mpya. Safisheni kwanza, kisha ndipo mhame, kama bado mtaona haja.

#10 Mjumbe, Mombasa

Hapo kwa kuunganisha nimeelewa. Swali la mwisho: baada ya kusafisha, nani aruhusiwe kuongeza kategoria mpya? Kwetu kila mtu ana uwezo huo.

#11 Mleta uzi

Ndugu, mwondolee kila mtu, baki na wawili: mmoja wa upande wa watengenezaji wa programu, mwingine wa upande wa wateja. Anayetaka kategoria mpya awaletee vitu vitatu: jina la atakayeijibu, maelezo yenye ule mpaka wa "usiweke hapa", na tiketi halisi tano ambazo leo hazina pa kwenda. Akikosa tiketi tano, mpe lebo atumie hadi robo mwaka ijayo.

Na kila robo mwaka hao wawili wakae saa moja, wafungue orodha nzima. Waangalie tiketi zilizohama zaidi ya mara mbili, kwa sababu hapo mipaka haieleweki. Waangalie mwenye kategoria kama bado yupo kazini. Waangalie "Haijapangwa" ina tiketi ya tangu lini. Mradi wa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ambao mizizi yake kwa upande wetu iko Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, nao hutumia hatua kama hiyo: tiketi inakaa kwenye tathmini kwanza, na haisemwi kuwa tayari kufanyiwa kazi mpaka mtu aipitie. Jira, mfumo wao wa tiketi, iko wazi, unaweza kuingia ukasoma tiketi za mradi wao mkuu, zinazoanza na TRUNK, ukaona tiketi inavyotembea kutoka kwa mwandishi hadi kwa anayeitengeneza. Kwa timu ya watu wanne, kusoma tiketi kumi za pale mkiwa pamoja kutawapa mjadala wa kutosha kuandika orodha yenu ya kwanza.